Khofu Iingiayo kwa Masikio

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye hakuteremsha maradhi illa ameyateremshia na dawa yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu tumeulizwa suali moja na watu zaidi ya mmoja, kila mtu kwa maneno yake. Mtu amepatwa na maradhi, khasa haya maradhi ya sukari yaliyoenea sana katika miji yetu ya pwani, naye hutafuta wenziwe walio na maradhi kama yake ili wapeane nasaha na kuliwazana. Hukaa nao kwenye benchi la kliniki, au barazani baada ya Alasiri, au kina mama hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Alikwenda akitaka utulivu, akarudi na khofu. Amesikia ya fulani aliyekatwa mguu, na ya fulani aliyepofuka, na ya fulani aliyelala akiwa mzima asiamke. Usiku ule hapati usingizi. Akihisi ganzi kidogo kidoleni, amekwisha kujiona hana mguu. Je, aache kukaa na wenziwe? Na khofu hii ni upungufu wa imani yake, au ni kitu gani?

Suali hili si dogo. Twajua kwamba wako waliozitupa dawa zao kwa sababu ya maneno waliyoyasikia kwa wagonjwa wenziwao, na wako walioikimbia hospitali wakaishia mikononi mwa waganga. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu tulieleze jambo hili kwa kadiri ya uwezo wetu.

KHOFU HAIMTOI MTU KATIKA IMANI

Yatupasa kwanza kuondoa kosa moja lililoenea. Wako watu, na wengine wao ni wenye kusomesha, ambao mgonjwa akiwaelezea khofu yake humjibu papo hapo kwamba lau imani yake ingekuwa timamu asingeogopa. Jawabu hili halina msingi katika dini, na madhara yake ni makubwa, kwani humwongezea mgonjwa maradhi ya pili juu ya yale ya kwanza, nayo ni kudhani kwamba ametengwa na rehema ya Mola wake.

Qur'ani yatueleza kwamba Nabii Musa (a.s.) aliingiwa na khofu nafsini mwake alipoziona kamba na fimbo za wachawi wa Firauni (Surat Taha, aya ya 67). Mwenyezi Mungu hakumkemea kwa khofu ile. Alimtuliza, akamjulisha kwamba yeye ndiye atakayeshinda. Mamake Nabii Musa alipomtia mwanawe majini, moyo wake ulikuwa mtupu kwa dhiki, mpaka Mola wake alipoufunga kwa subira (Surat Al-Qasas, aya ya 10). Nabii Yaaqub (a.s.) macho yake yaliingia weupe kwa huzuni, na pamoja na hayo aliwakataza wanawe kukata tamaa na rehema ya Mungu (Surat Yusuf, aya ya 84 na 87). Na Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyopokea Imam Bukhari, alikuwa akikithiri kuomba dua ya kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na wasiwasi na huzuni. Ikiwa Mtume ameomba kinga na jambo hili, basi ni nani kati yetu awezaye kusema kwamba halimpati illa asiye na imani?

Wanavyuoni wetu wa kale walilijua hili vizuri kuliko sisi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 wa Miladi, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, na ndani yake akawalaumu matabibu wanaoutibu mwili wakaiacha nafsi. Yeye aliihesabu khofu na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye tiba yake, kama vile homa ilivyo na tiba yake. Ametoa mfano mzuri wa bedui wa jangwani aliyefika nchi ya baridi akaona ukungu kwa mara ya kwanza. Akadhani mbele yake umesimama ukuta usiopitika. Alipoukaribia na kuingia ndani yake, akakuta kwamba ni hewa tu kama ile aliyokuwa akiivuta kifuani mwake.

Lakini tusidhani kwamba maana ya mfano huu ni kuwa maradhi ni ukungu. Maradhi ya sukari ni kweli, na yakiachwa bila ya kuangaliwa huharibu macho, na mafigo, na mishipa ya fahamu, na miguu. Ukungu ni kile kinachoongezwa juu ya kweli mpaka mtu asione njia ya kupita.

KWA NINI KHADITHI ZA WAGONJWA HUTISHA KULIKO MARADHI YENYEWE

Sababu zake ni nyingi, nasi tutataja tatu.

Ya kwanza ni kwamba mzima hana khadithi. Mtu aliyeishi na sukari miaka ishirini, akala tembe zake, akapima damu yake, akaosha miguu yake na kuitazama kila usiku, akaenda dukani kwake na kurudi, huyo hana la kusimulia barazani. Nani atamsikiliza anayesema kwamba jana alikuwa hajambo na leo hajambo? Bali huyo hata barazani hayupo, yuko kazini kwake. Anayesimuliwa ni yule aliyepatwa na msiba, na msiba wake mmoja husimuliwa na watu kumi kwa njia kumi, mpaka msikilizaji akadhani kwamba waliokatwa miguu ni kumi. Basi akaaye pale siku zote huwa kama mtu anayekaa mlangoni mwa makaburi akahesabu majeneza yanayoingia, kisha akasema mji mzima umekufa. Hesabu yake ya majeneza ni sahihi. Lililo batili ni kuuhukumu mji kwa mlango ule mmoja.

Sababu ya pili ni kwamba watu hulifanya lililotangulia kuwa ndilo lililosababisha. Mathalan, imeenea kauli kwamba sindano ya insulini hupofua. Asili ya kauli hii yafahamika. Mtu hukaa na sukari iliyopanda kwa miaka mingi, hataki sindano kwa kuiogopa. Macho yakiwa yamekwisha kuharibika kwa ile sukari, ndipo hukubali kudungwa. Macho yakizidi kupotea, watu husema ameanza sindano akapofuka. Huu ni sawa na usemi wa mtu aonaye kwamba kila nyumba inayoungua gari la zimamoto huwa lipo hapo, akakata shauri kwamba gari hilo ndilo lichomalo nyumba.

Kweli ya jambo hili imekwisha kuthibitishwa. Insulini iligunduliwa mwaka 1921 mjini Toronto, nchi ya Kanada. Mwezi wa Januari 1922 alidungwa kijana wa miaka 14 jina lake Leonard Thompson, aliyekuwa karibu na kufa, akaishi mpaka mwaka 1935. Kabla ya hapo mtoto aliyeshikwa na sukari ya aina ya kwanza, ambayo mwili hushindwa kabisa kutengeneza insulini, wazazi wake hawakuwa na la kufanya illa kumtazama akikonda mpaka afe. Tena katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada na kumalizika mwaka 1993, walifuatwa wagonjwa 1,441 wa aina hiyo, wote wakitumia insulini. Wale walioidhibiti sukari yao kwa bidii zaidi, kwa kujidunga mara nyingi zaidi na kupima mara nyingi zaidi, hatari ya maradhi ya macho kwao ilipungua kwa asilimia 76 kuliko wenziwao. Na mwaka 1998 uchunguzi wa Uingereza juu ya sukari ya aina ya pili, ambayo ndiyo iliyo nyingi kwetu, ulionyesha njia hiyo hiyo, kwamba kuishusha sukari hupunguza madhara ya macho na mafigo. Basi vipi kinacholinda macho kikageuzwa katika baraza zetu kuwa ndicho kinachoyaua?

Sababu ya tatu ni ya ajabu zaidi, na yafaa kila mgonjwa aijue. Khofu hujitengenezea ushahidi wake yenyewe. Mtu akiogopa, moyo humwenda mbio, jasho humtoka, mikono humtetemeka, na kinywa humkauka. Sasa tazama: kutetemeka na kutoka jasho na moyo kwenda mbio ni dalili pia za sukari kushuka mno. Mgonjwa aliyesimuliwa jioni kwamba fulani alianza kwa kutetemeka kisha akaanguka, akilala usiku na khofu ile, naye hutetemeka. Akishatetemeka husema, nami yamenifika. Khofu ikazidi, na kutetemeka kukazidi. Tena khofu na dhiki zikidumu huweza kuipandisha sukari yenyewe, mpaka alilokuwa akiliogopa likapata nguvu kwa sababu ya kuliogopa. Kwa mtu kama huyu dawa yake ni kupima, si kubahatisha. Apime damu yake ajue, au kama hana kipimo na dalili zimemshika, afanye kama alivyofundishwa na tabibu wake. Kipimo kina jawabu. Dhana haina jawabu.

MILANGO MIWILI YA HATARI

Lau khofu hii ingeishia kwenye kukosa usingizi tu, shari yake ingekuwa nyepesi. Lakini khofu hufungua milango miwili, na yote miwili yaelekea shimoni.

Mlango wa kwanza ni kuacha dawa. Mtu husema, ikiwa mwisho wake ni kukatwa tu, basi tembe hizi za nini? Akajivika nguo ya tawakkul akasema lililoandikwa litakuwa. Hii si tawakkul. Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh akiwa njiani kwenda Sham, akapata khabari kwamba tauni imeingia huko, aliwashauri Masahaba kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, kwamba popote atakapowachunga atakuwa amewachunga kwa kadari ya Mungu. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi maradhi ni kadari na dawa ni kadari, na anayeacha dawa hakuiridhia kadari yoyote illa amechagua upande mkavu wa bonde.

Mlango wa pili ni waganga. Mwenye khofu ni windo jepesi. Huambiwa kwamba ugonjwa huu si wa hospitali, na kwamba ametupiwa, na kwamba yuko mtu afahamuye dawa ya kuimaliza sukari kabisa. Hupigiwa ramli, akavishwa hirizi, akanyweshwa chupa ya mitishamba isiyojulikana ina nini, akaambiwa aache sindano ili dawa ifanye kazi. Fedha ambayo ingenunua dawa ya miezi yaliwa kwa usiku mmoja, na mgonjwa wa sukari ya aina ya kwanza akiacha insulini hahitaji miezi mingi kufa, bali siku chache huweza kumtosha. Na kwa upande wa dini, Imam Muslim amepokea kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi kwa siku arubaini. Tazameni hasara hii, ndugu zetu: mali imekwenda, mwili umekwenda, na sala imekwenda, na mwanzo wake ulikuwa ni khadithi iliyosikiwa barazani.

MIZANI YA QUR'ANI

Mwenyezi Mungu ametupa mizani ya jambo hili katika Surat An-Nisaa, aya ya 83. Ametaja watu ambao ikiwajia khabari ya amani au ya khofu huitangaza papo hapo. Na akabainisha kwamba lau wangeirudisha kwa Mtume na kwa wenye madaraka miongoni mwao, wale wenye uwezo wa kuichunguza wangeijua ilivyo. Aya hii iliteremka katika mambo ya vita na usalama wa Waislamu, lakini funzo lake ni pana. Tazameni kwamba aya haikusema khabari ile ni ya uwongo. Huenda ikawa kweli. Lililolaumiwa ni kuichukua khabari ya khofu kwa watu wote kabla ya kuifikisha kwa mwenye kuweza kuipambanua.

Kwetu watu wana mazoea ya kusema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Methali hii ina mahali pake, lakini katika mambo ya maradhi imeua watu. Mtume (s.a.w.), kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim, ametufundisha kwamba yatosha kuwa ni uwongo kwa mtu kusimulia kila alisikialo. Hakusema kila alitungalo. Alisema kila alisikialo. Basi ulimi unaopitisha bila ya kuchuja una sehemu yake katika dhambi hata kama haukutunga neno.

Kwa mizani hii twamjibu aliyeuliza.

Usiache kukaa na wenzio. Al-Balkhi amewaonya wenye wasiwasi wasijitenge peke yao, kwani mtu akiwa pweke fikira humla. Na kwa hakika mgonjwa hufundishwa na mgonjwa mwenziwe mambo ambayo tabibu hana wakati wa kuyaeleza: namna ya kuvumilia harusini ambako kila sinia ni la wali na halua, namna ya kuihifadhi insulini nyumba isipokuwa na friji, namna ya kumwambia mke au mume. Lakini chagua wa kukaa naye. Mtume (s.a.w.) amemfananisha rafiki mwema na mchukuzi wa miski, na rafiki mbaya na mvuvia moto wa mhunzi; wa kwanza hukosi harufu yake nzuri, na wa pili kama hakukuchomea nguo utapata moshi wake. Basi jichunguze uinukapo. Ukiwa umeinuka na jambo moja la kufanya, umekaa na mwenye miski. Ukiwa umeinuka na kifua kilichobana tu, na huna la kufanya, umevuta moshi.

Kila khabari ikutishayo iulize masuala matatu kabla hujaipa nafasi moyoni. Je, msimulizi ameliona jambo hili kwa macho yake, au amelisikia kwa aliyelisikia? Je, maradhi ya huyo asimuliwaye ni yale yale yangu, na umri wake, na dawa zake, na muda aliokaa bila ya kujitibu? Na je, khabari hii yaniamrisha nini leo? Khabari ya kweli yenye manufaa hukuonyesha mlango: tazama miguu yako, pima macho yako kila mwaka, usitembee peku. Khadithi ya khofu hukufungia milango yote ikakuacha katikati ya nyumba ukilia.

Likibaki neno lisilokutoka, liandike katika karatasi, uende nalo kliniki ukamuulize tabibu au muuguzi. Hii ndiyo maana ya kulirudisha jambo kwa wenye kulijua, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat An-Nahl, aya ya 43, tuwaulize wenye ujuzi tukiwa hatujui. Wala usibadilishe kipimo cha dawa yako kwa neno la mgonjwa mwenzio, hata awe amekutangulia miaka thelathini, kwani mwili wake si mwili wako.

Jiwekee mpaka wa wakati. Haifai kufunga siku yako kwa khadithi hizi. Mtume (s.a.w.) alipokwenda kulala alikuwa akisoma Qul Huwallahu Ahad na sura mbili za kinga, akipulizia viganja vyake na kujipangusa mwilini, kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.) katika Bukhari. Na sura ya mwisho katika hizo yamtaja yule anayenong'oneza ndani ya vifua vya watu, akiwa ni katika majini au katika watu. Yatosha kuwa mazingatio kwetu kwamba mnong'onaji aweza kuwa ni binadamu, na huenda hakukusudia shari. Basi sura hizi zisome kwa ulimi na uzifahamu kwa moyo. Usizitundike shingoni ndani ya ngozi iliyoshonwa ukadhani umefanya Sunna.

Na ikiwa khofu imekushika kwa wiki nyingi, hulali, huli, huwezi kazi yako, basi jua kwamba hayo nayo ni maradhi, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Mwambie tabibu habari ya khofu yako kama unavyomwambia habari ya mguu wako. Hapana aibu katika hili. Aibu ni mtu kuangamia na tiba ipo.

MANENO KWA WASIMULIZI

Sasa twageukia upande wa pili, kwani mwenye kusikia ana wajibu, lakini mwenye kusema ana wajibu mkubwa zaidi.

Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia kumtazama bedui aliyekuwa mgonjwa. Akamwambia maneno ya kheri, kwamba hapana neno, maradhi yale ni ya kumtakasa inshallah. Mgonjwa akayakataa maneno yale akasema kwamba hii ni homa inayochemka juu ya mzee mkongwe, itampeleka kaburini. Mtume akamjibu kwamba basi na iwe hivyo. Katika khabari hii mna mafunzo mawili. La kwanza ni adabu ya mwenye kutazama mgonjwa: neno lake la kwanza ni matumaini. La pili ni onyo kwa mgonjwa kwamba mlango wa matumaini ukifunguliwa asiufunge kwa mkono wake. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kuaguliwa mikosi, na akipenda fali njema, nayo ni neno zuri mtu alisikialo.

Sasa tujitazame sisi. Twaingia kwa mgonjwa, na neno letu la kwanza ni kumuuliza mbona amekonda hivi. Hatujakaa vizuri, twamwambia kwamba hata marehemu fulani alianza hivi hivi. Twamhesabia waliokufa kwa maradhi yake kama kwamba twamsomea khitma angali hai. Kisha twainuka twamwombea shifaa, na kumbe sumu tumekwisha kuimwaga. Twafanya haya kwa mapenzi, hapana shaka. Lakini mapenzi yasiyo na elimu ni kama mtu amtiaye mwenziwe dawa ya jicho gizani bila ya kusoma chupa.

Nanyi mlio wagonjwa, msimulizi aliyepatwa na msiba ana haki ya kuueleza msiba wake, na hatumzibi mdomo. Kulia mbele ya ndugu ni katika rehema. Lakini kuna tofauti baina ya kumlilia mtu mzima aliye tayari kukubeba na kumwaga mzigo wako juu ya aliyeambiwa jana tu kwamba ana sukari. Mtazame uliye naye kabla ya kufungua kinywa. Simulia uliyoyaona wewe, usiyatie chumvi. Ukisimulia msiba, simulia na sababu yake, useme kwamba nilikaa miaka sita bila ya kwenda kliniki, ili mwenzio ajue pa kukwepa. Na usiinuke kabla hujasema lililokufaa.

Sisi katika darsa yetu twapendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha. La kwanza, penye wagonjwa wanaokutana, mazungumzo yaanzwe na mtu aliyekaa na maradhi miaka mingi naye ni mzima, aitwe makusudi kutoka dukani kwake au jikoni kwake, aje aseme anavyoishi. Hivyo yule asiye na khadithi atakuwa na khadithi, na mizani itakaa sawa. La pili, maimamu na waalimu wa kina mama wawaalike matabibu na wauguzi wa Kiislamu na wasio Waislamu waje msikitini na madrasani kujibu masuala ya watu kwa lugha ya watu, kwani penye ukimya wa mjuzi ndipo asiyejua hupata mimbari.

Ndugu zetu, baada ya msiba wa Uhud Waislamu waliambiwa na watu kwamba maadui wamejikusanya juu yao, basi na waogope. Mwenyezi Mungu ametaja katika Surat Aal Imran, aya ya 173, kwamba neno lile liliwazidishia imani, wakasema kwamba Mungu awatosha. Khabari ilikuwa ile ile kwa kila aliyeisikia. Hawakuziba masikio, wala hawakukimbia. Walifunga majeraha yao wakatoka. Basi na mgonjwa wetu asikie yale yenye kufaa, afunge jeraha lake, ameze dawa yake kwa wakati wake, na atoke kwenda katika shughuli zake akimtegemea Yule ambaye mikononi mwake ndimo ulimo uzima.

Ewe Mola wetu, wape shifaa wagonjwa wetu, na uwatulize walio na khofu katika usiku wao. Zifanye ndimi zetu ziwe dawa kwa ndugu zetu, wala usizifanye kuwa ni maradhi juu ya maradhi yao. Utuonyeshe haki kuwa ni haki utujaalie tuifuate, na utuonyeshe batili kuwa ni batili utujaalie tuiepuke. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.